Nilinunua Seli, Sigara Nikaificha

Asubuhi moja ya kipupwe, natawadha kwa sala ya alfajiri msikitini kwetu Wete, Pemba, nilishika mguu wangu wa kushoto nikashituka. Wa kulia ulikuwa na joto lake la kila siku. Wa kushoto ulikuwa baridi kama changu aliyetoka kwenye barafu. Nikamwaga maji, nikausugua, nikasali, nikasahau. Nilikuwa na miaka 39.

Mimi ni fundi wa mashine za boti. Kabla ya ufundi nilikuwa mvuvi. Nilianza kwenda dago, yaani kambi ya wavuvi mbali na nyumbani, na marehemu ami yangu tangu sijamaliza skuli, na huko dago ndiko nilikojifunza sigara. Usiku wa baharini una baridi na una usingizi, sigara ikawa ndiyo shuka na ndiyo kahawa. Kufika miaka 39 nilikuwa navuta paketi moja na nusu kwa siku. Nalitaja hili mwanzo kwa sababu katika safari yote nitakayoieleza, hadi India na kurudi, hili ndilo nililokuwa nalitaja mwisho, tena kwa sauti ndogo.

Baada ya ubaridi yakaja maumivu ya unyayo. Karakana yangu iko chini, bandarini, na anayeijua Wete anajua kwamba kutoka bandarini kurudi mjini ni kupanda tu. Nikifika nusu ya kilima unyayo unabana kama umekazwa kwa spana. Nikisimama dakika tatu, unaachia. Basi nikawa mtu wa salamu nyingi. Kila aliyepita nilimsimamisha, namuuliza habari za watoto, za ng'ombe, za mvua, kumbe napumzisha mguu. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimetokwa na vivimbe vyekundu kwenye shavu la mguu uleule, vinauma ukivigusa, vinapotea hapa vinatokea pale. Nilidhani nimeumwa na mdudu. Daktari alikuja kuniambia baadaye kuwa ile ilikuwa mishipa ya juujuu inavimba na kuziba, na kwamba ilikuwa salamu ya kwanza ya ugonjwa wenyewe.

Duka la dawa waliniambia baridi yabisi, wakanipa vidonge vya maumivu. Mama akaona nimetupiwa jicho, nikanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya Qur'ani. Sitaki kumcheka mama yangu, kombe lile halikunidhuru kitu. Kilichonidhuru ni maji ya moto. Jirani alishauri nikande mguu kwa maji ya chumvi na majani ya mpera, yawe moto ninavyoweza kuvumilia. Tatizo ni kwamba mguu usiopata damu haujui kuvumilia wala kutovumilia, umeshakufa ganzi nusu, na hiyo damu ya kuuondolea joto haupati. Nilikaa na mguu kwenye beseni nikiangalia mpira, na nilipoutoa vidole viwili vilikuwa vimetoka malengelenge. Kuungua kwa namna ile mtu mzima wa afya hupona kwa wiki moja. Mimi kikawa kidonda ndugu. Kwa hiyo mwenye mguu wa baridi asikande, asibandike chupa ya moto, asipige chuku kwenye mguu ule. Soksi tu zinatosha.

Kituo kimoja cha afya walinipima sukari. Ikatoka 5.2. Nilifurahi sana, maana kwetu kidonda kisichopona mguuni maana yake ni kisukari, na mimi sina kisukari. Nilipotoka nje niliwasha sigara ya shukrani. Wakanipa antibaiotiki mara tatu, miezi minne ikapita, na hakuna mtu aliyeweka kidole nyuma ya kifundo cha mguu wangu kutafuta kama mshipa unapiga. Kupima huko hakutaki mashine wala umeme. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui, nisingeweza kumwomba mtu.

Usiku ndio ulionipeleka mbele. Nikilala tu, vidole vinawaka moto. Nikiuning'iniza mguu nje ya kitanda, unapoa. Nikaanza kulala kwenye kiti cha sebuleni, na mke wangu akaanza kulala na taa.

Tukapanda boti bandari ya Mkoani kwenda Unguja, hospitali ya Mnazi Mmoja. Daktari aliyeniona alikuwa dada wa makamo, mpole. Akanipima presha ya mkono, kisha presha ya kifundo cha mguu kwa kifaa kinachotoa sauti ya damu. Akanieleza kuwa presha ya kifundo ikigawanywa kwa ya mkono inatakiwa ifike 1 au izidi kidogo, na ikiwa chini ya 0.9 kuna mshipa uliobana. Wangu wa kushoto ulikuwa 0.5. Kisha akafanya jambo lililonishangaza: akanikunjisha kiganja ngumi, akabana mishipa yote miwili ya kifundo cha mkono, nikafungua kiganja, akaachia mmoja. Kiganja cha kulia kilibaki cheupe kama unga muda mrefu. Ugonjwa ulikuwa umeshafika mikononi nami sina habari.

"Unavuta, kaka?"

"Kidogo."

"Kidogo ni ngapi?"

"Tano, sita."

Mke wangu alikuwa amekaa pembeni. Alitazama dirishani, hakusema neno.

Dar es Salaam nilipigwa picha ya CT ya mishipa. Pale nilipima pia moyo, kuhakikisha hakuna bonge la damu linalotoka huko, na damu yangu ikachunguzwa kwa mambo mengine ya kuganda. Picha ilipotoka daktari bingwa wa mishipa aligeuza kioo cha kompyuta nikaona mwenyewe. Mishipa mikubwa ya paja ilikuwa mizima, laini. Chini ya goti inakatika ghafla, kama mpira wa mafuta uliobanwa na koleo, na kuzunguka pale palipokatika kuna vijishipa vyembamba vimejisokota kama springi. Vile, akasema, ni mwili unajitafutia njia za pembeni. Ugonjwa unaitwa wa Buerger, kwa jina la daktari Leo Buerger aliyeueleza mwaka 1908. Unawapata zaidi wavutaji wenye umri mdogo, wengi hawajafika miaka 45 au 50. Mishipa midogo na ya kati ya mikono na miguu inavimba kwa ndani, damu inaganda, njia inafungwa.

Nikauliza kuhusu kutanua mshipa kwa puto, au kupandikiza mshipa mwingine kupitisha damu, maana nilikuwa nimesoma. Akasema hizo zinawafaa sana wale wenye mafuta kwenye mishipa mikubwa. Yangu imeziba chini kabisa, hakuna mahali pazuri pa kuunganishia. "Dawa yake ya uhakika ni moja. Uache tumbaku yote. Usipunguze, uache. Sigara, shisha, ugoro, ya kutafuna. Hata moja kwa siku inatosha kuuendeleza ugonjwa." Akaniambia walioacha kabisa kabla kidole hakijaoza, karibu wote huepuka kukatwa.

Nilitoka mle ndani na hasira. Nimepanda boti mbili, nimetumia zaidi ya milioni moja na nusu na vipimo, nije niambiwe niache sigara? Mke wangu alikuwa ananiambia bure miaka 15.

Hapo ndipo nilipoingia kwenye seli shina.

Nilitafuta usiku, mguu ukining'inia. Nikakuta maelezo kwamba uboho wa mtu, ile nyama laini ya ndani ya mfupa, una seli changa zinazoweza kusaidia kuota mishipa mipya ya damu, na kwamba zikidungwa kwenye misuli ya mguu zinaufufua. Si uongo mtupu, na hilo ndilo linalofanya biashara hii iwe ngumu kuikwepa. Wajapani walichapisha matokeo mwaka 2002 ya kudunga seli za uboho kwenye mashavu ya miguu ya wagonjwa wa miguu isiyopata damu, na yalitia moyo. Nilisoma hilo, sikusoma yaliyofuata. Ndani ya siku mbili nilikuwa nazungumza WhatsApp na wakala wa kliniki moja ya India. Aliniita "brother". Alinitumia video ya mzee anapanda ngazi. Akanipa bei: dola 6,500.

Familia ilikaa kikao. Mama alikuwa na mikarafuu ya urithi wake, akaikodisha kwa misimu mitatu, milioni 13. Niliuza mashine yangu ya boti, Yamaha ya nguvu farasi arubaini, milioni saba. Ndugu na marafiki wakachanga milioni nne. Jumla milioni 24. Mdogo wangu alikuja kama msindikizaji, naye akahitaji viza yake. Mjomba mmoja tu, aliyestaafu ualimu, aliuliza kikaoni: "Hao wanatibu maradhi gani mengine?" Nikamtajia kwa fahari: kisukari, figo, watoto wenye usonji, uti wa mgongo, nguvu za kiume. Mjomba akasema, "Fundi anayetengeneza redio, saa, friji na baiskeli, wewe ungempa mashine yako?" Watu wakacheka, kikao kikaendelea.

Kliniki ilikuwa safi, siwezi kusema vingine. Nililazwa kifudifudi, wakachoma ganzi juu ya mfupa wa nyonga kwa nyuma. Ganzi inafanya kazi kwenye ngozi na juu ya mfupa. Ndani haifiki. Wakati wanavuta uboho kwa bomba la sindano nilihisi kama mtu anavuta kamba ya kuwashia mashine, na kamba imefungwa ndani ya mfupa wangu. Wanavuta, wanapumzika, wanavuta. Kisha uboho ukaenda kwenye mashine ya kuzungusha ili seli zitengane na vingine. Baada ya saa kadhaa daktari alinichorea miraba kwenye shavu la mguu kwa kalamu, kama mtu anayepima kitambaa, akadunga mraba mmoja mmoja. Nilihesabu hadi 20 nikaacha. Sindano nyingine zikaenda kuzunguka kidonda.

Katika fomu zote nilizojaza kulikuwa na mahali pa kuandika kama navuta. Niliandika "niliacha". Hakuna aliyeuliza lini. Usiku ule, mguu umefungwa bandeji kuanzia goti, niliteremka kwa ngazi polepole hadi kibanda cha nje ya geti nikanunua sigara mbili, za rejareja. Niliona kabisa ninachokifanya. Seli nimetoa nyonga ya kulia, nimelipia kwa mikarafuu ya mama yangu, nazo zina saa tisa tu kwenye mguu, na mimi nazipulizia moshi. Nilivuta zote mbili.

Nilirudi Pemba na barua ya kurasa mbili na namba ya wakala. Wiki sita za kwanza nilikuwa bora. Nililala kitandani. Kilima cha bandarini nilipanda kwa kusimama mara moja badala ya tatu. Nilimrekodia wakala ujumbe wa sauti kumshukuru, jambo ambalo leo linanitia aibu. Wiki ya nane kidole kidogo kikawa cha zambarau, ya kumi kikawa cheusi, na cha pili yake kikaanza kukifuata. Nikaandika kliniki. Walijibu kuwa wagonjwa wengine wanahitaji duru ya pili, nayo ina punguzo.

Mpwa wangu anasoma udaktari. Ndiye aliyenikalisha chini akanisomea niliyotakiwa kuyasoma kabla ya kikao. Uholanzi walifanya utafiti kwa wagonjwa 160 wenye miguu isiyopata damu, matokeo yakatoka mwaka 2015. Wengine walipewa seli za uboho wao kupitia mshipa wa paja, wengine walipewa kimiminika kisicho na seli hizo, bila wenyewe kujua nani kapata nini. Waliokatwa mguu ndani ya miezi sita hawakutofautiana kwa namna ya kuonyesha kuwa seli zimesaidia. Na hapa ndipo niliponyamaza: maumivu yalipungua kwa makundi yote mawili, presha ya kifundo ikapanda kwa makundi yote mawili. Wiki zangu sita zilikuwa zimeshaandikwa na Waholanzi.

Nisiwadhulumu watafiti. Wengi wa wagonjwa wale walikuwa na ugonjwa wa mafuta, si wa Buerger. Na India yenyewe mamlaka ya dawa iliruhusu mwaka 2016, kwa masharti, dawa moja ya seli zilizokuzwa maabara kutoka kwa wachangiaji, kwa ajili ya Buerger hasa. Kwa hiyo jambo lipo na linachunguzwa. Lakini nilichouziwa mimi hakikuwa hicho. Miongozo ya seli shina ya Baraza la Utafiti wa Tiba la India ya mwaka 2017 inasema tiba ya seli ambayo haijaidhinishwa ifanyike ndani ya utafiti ulioandikishwa tu, na mgonjwa wa utafiti hatozwi. Mimi sikuwa kwenye utafiti wowote, na nilitozwa. Hilo lingejulikana kwa swali moja: utafiti wenu umeandikishwa wapi, namba yake ngapi? Mimi niliuliza kama chumba kina kiyoyozi.

Nikarudi Dar kwa daktari yuleyule. Nilitegemea atanigombeza kwa kwenda India. Hakugusia India. Alisogea karibu kuangalia kidole, akasimama, akasema taratibu, "Umevuta leo." Nilikuwa nimevuta kwenye boti, upande wa nyuma, nikitafuna karafuu kuficha harufu. Mpemba anaficha sigara kwa karafuu!

Hapo nililia. Mtu mzima, fundi, mbele ya daktari na nesi. Nikasema idadi ya kweli: thelathini kwa siku, na si tano. Mke wangu safari hii hakutazama dirishani.

Vidole viwili vilikatwa. Daktari alisubiri kwanza hadi mpaka wa nyama hai na iliyokufa ukajionyesha, akakata hapohapo, akaniandikia aspirini na dawa ya maumivu, akanipa tarehe. Gharama yote ya operesheni na kulazwa haikufika robo ya ile ya India.

Kuacha nilikuacha mwezi wa Shaabani, kukakaza Ramadhani. Sikufunga siku za kidonda kibichi, daktari alikataa, lakini hesabu ya Ramadhani ilinisaidia: miaka yote nilikuwa nakaa saa kumi na tatu bila sigara na sifi. Shida yangu ilikuwa futari, kikombe cha kahawa na kibaraza. Nilihama kibaraza. Nilikwenda kukaa na wazee wasiovuta, wanaozungumza habari za ndoa za mwaka 1970, na wallahi nilichoka. Wiki ya kwanza nilikuwa mkali hata paka walinikimbia. Vibandiko na pipi za nikotini daktari alinizuia, kwa ugonjwa wangu nikotini yenyewe haitakiwi. Mwenye maradhi mengine atasikia ushauri mwingine, aulize. Nilianguka mara moja, siku ya tisa, sigara nusu, karakanani. Usiku vidole vilivyobaki viliniuma mpaka alfajiri. Sikurudia.

Kidonda kilifunga mwezi wa nne. Kiganja cha kulia kimepata rangi. Mguu haujawa mzima kama wa pili na hautakuwa, kilima nasimama mara moja bado, na salamu zangu sasa ni za kweli. Kila usiku mke wangu ananikagua nyayo kwa tochi, katikati ya vidole pia. Msikitini naingia na soksi, najifuta miguu vizuri baada ya udhu, na sikanyagi uwanja wenye jua bila viatu. Boti za watu natengeneza, ila mashine yangu ya arubaini sijainunua tena. Mikarafuu ya mama inarudi mikononi mwake baada ya msimu mmoja zaidi. Yeye hajawahi kunitajia. Huniuliza tu kama nimevaa soksi.

Mwezi uliopita wakala aliniandikia. "Brother", habari za siku nyingi, vipi mguu? Anaomba video fupi nikitembea, na kwa ajili hiyo kliniki itanifikiria punguzo la kutibu mkono. Natembea kweli, angeipata video nzuri sana. Nikamjibu kuwa nitarekodi, ila nitaanza kwa kuonyesha pale palipokuwa na vidole viwili, kisha nitaje tarehe niliyoacha sigara, ndipo nitembee. Alama mbili za buluu zikatokea. Hajajibu.